Pepeta Si Wali

Ukifika Lumemo, mtaani kwetu Ifakara, ukauliza habari zangu, utaambiwa mimi ndiye mwanamke aliyemnyima baba yake wali. Hawatakwambia kwamba napika vizuri, ingawa nusu yao wamekula kwangu. Watakwambia hilo tu, tena kwa sauti ya chini na kiganja mdomoni, utadhani nilimsukuma mzee mtoni. Nimechoka kusimuliwa na watu ambao siku zile kidonda kinanuka hawakuvuka hata kizingiti changu. Nitasimulia mwenyewe, na asiyependa aache kusoma.

Mimi ni mama lishe. Nina banda karibu na stendi ya Ifakara, napika wali maharage, wali samaki, na mambo yakiwa mazuri wali nyama. Hapa bondeni hatuna mjadala kuhusu chakula. Asubuhi kiporo cha wali na chai, mchana wali, jioni wali tena. Mtu anaweza kula ugali na ndizi mpaka akalegeza mkanda, ukimuuliza kama amekula anakujibu bado, kwa sababu wali haujapita kooni. Nimelelewa hivyo, nimelea wangu hivyo, na ndiyo kazi inayoniweka mjini. Kwa hiyo maneno yao yaliniuma mara mbili. Walisema wapita njia wanashiba wali wangu huku baba yangu mzazi anatafuna majani nyumbani.

Baba ni Mpogoro wa upande wa Mahenge. Alishuka bondeni akiwa kijana, akapata shamba la mpunga Idete, na tangu hapo ukitaka akusikilize umwambie habari za kanisa au za mpunga. Mama alipofariki, dada yake baba, mjane mwenye mdomo usiojua kupumzika, alihamia pale kumpikia. Huyo ndiye shangazi yangu. Mvua zikianza, wawili hao huhama kijijini kama watu wengine wa Idete, wanakwenda kuishi shambani kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili mtu alinde mpunga na ndege na nguruwe. Huko hakuna zahanati. Kuna maji, mbu, mpunga na shangazi.

Baba alikuwa na kisukari siku nyingi na dalili zilikuwa zimekaa kitako zinamtazama. Alikunywa maji mpaka mtungi ukalia, na bado midomo ilimkauka. Suruali zilimpwaya. Shangazi alikuja kusema mwenyewe baadaye, tena kwa kucheka, kwamba pale nyuma ya migomba kaka yake alipokuwa anakojoa, sisimizi walijaa mpaka ardhi ikawa nyeusi, naye akawamwagia majivu. Sisimizi wanafuata sukari, mtoto wa darasa la pili anajua. Yeye akamwaga majivu, akaenda zake kupika wali.

Baya kuliko yote, miguu ya baba ilikuwa imekufa ganzi. Wakati wa kupalilia alikanyaga mwiba wa ngogo. Anayemjua samaki huyo anajua kwamba mwiba wake unamliza mwanaume mzima mbele ya wakwe zake. Baba hakulia kwa sababu hakusikia chochote. Alitembea nao kwenye majaruba ya mpunga, pekupeku kama alivyozoea, mpaka shangazi alipoona kidole kimevimba na kubadilika rangi. Mtu mwenye akili angemleta hospitali siku hiyohiyo. Thubutu! Alifungua vidonge vya rangi mbili, akakimwagia kidonda ule unga, akafunga na kipande cha kanga. Unga ulipokwisha akaweka majivu ya majani anayoyajua yeye. Baba alipoletwa kwangu kwa bodaboda, nilisikia harufu kabla hajashuka.

Hospitalini walimtoboa kidole cha mkono, wakatazama kimashine chao, kisha wakatazamana. Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Alimwamkia baba, akavuta kiti, akamweleza taratibu kwamba ana kisukari na kwamba kidole kimoja cha mguu wa kulia hakiponi tena, lazima kitolewe. Kisha akachukua kalamu ya wino akachora mstari juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Babu, kidole tunakitoa leo," alisema. "Huu mguu wenyewe unategemea sukari. Ikishuka, kidonda kitafunga na mguu utabaki nao. Ikiendelea kuwa juu hivi, kidonda hakitafunga, na safari ijayo tutakata hapa."

Baba aliutazama ule mstari. Akauliza, "Sasa nitalimaje?"

Mimi niliogopa. Baba yangu bila mguu si baba yangu. Huyu ni mtu aliyetembea kutoka Mahenge mpaka huku na kikapu kichwani, mtu ambaye hata kanisani hawezi kukaa mpaka misa iishe bila kutoka nje kutazama mawingu. Nikajiapiza palepale kwamba huo mguu hautakatwa, hata kama itabidi nichukiwe na bonde zima. Sikujua kwamba kweli nitachukiwa hivyo.

Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi wa lishe alituita chumbani kwake. Aliweka sahani tupu mezani akaigawa kwa kidole. Nusu nzima iwe mboga, matembele, mchicha, mlenda, bamia. Robo iwe samaki au maharage. Robo iliyobaki ndiyo wali, usizidi ngumi ya mlaji. Hakusema wali ni sumu. Tena alituonya kwamba ugali nao ni vilevile, hata wa dona, mtu asijidanganye kwamba akiukimbia wali akajenga mlima wa dona amepona. Chai isiwe na sukari. Soda marufuku. Vidonge vinywewe asubuhi na jioni pamoja na chakula. Miguu iangaliwe kila siku, ioshwe, ikaushwe vizuri katikati ya vidole, na asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Katika maelezo yote hayo baba alisikia neno moja.

"Wali ngumi ya nani?" aliuliza.

"Ngumi yako, babu."

Baba akakunja ngumi yake, akaitazama kama mtu aliyemwibia.

Nyumbani nilitafuta chombo kinacholingana na ngumi ile, nikapata kibakuli cha plastiki cha kijani nilichokuwa napimia dagaa. Wali wake ukawa humo, tena umesawazishwa juu, hauna kilima. Pembeni nilimwekea perege, matembele ya kutosha, na kachumbari. Kile chakula ningekiuza stendi watu wangekigombania. Yeye alikipokea bila kusema asante, akala kila kitu, akaegemea ukuta wa barazani na kungoja wapita njia.

"Za mchana, mzee? Unaendeleaje?"

"Naendeleaje, mwanangu, na tangu asubuhi sijala."

Mtu ametoka kufuta mafuta ya samaki mdomoni, anasema hajala! Nilikuwa ndani namsikia. Nilitoka mbio nikasema, "Baba, umekula sasa hivi!" na yule mpita njia akanitazama mimi kwa mashaka, si yeye. Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni.

Halafu wakaja wageni wa kumpa pole. Sijui ni nani aliyewafundisha watu wetu kwamba mgonjwa yeyote, hata aliyevunjika mkono, dawa yake ni soda, glukosi na mikate. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali, kina mama wanane wazima na vitenge vyao vya sare, na kila mmoja ameshika mfuko. Soda zilijaa meza. Baba alizitazama kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo. Sala ilipokwisha nilichukua kifungulio nikazifungua zote, nikawagawia wenyewe.

"Kunyweni," nikasema. "Zitaisha gesi bure."

"Lakini tumemletea mzee," mmoja akasema.

"Mzee ana kisukari. Mkitaka kumletea kitu mleteeni bamia."

Walikunywa, lakini kwa shingo upande, na walipotoka niliwasikia nje ya uzio wanasema nina roho mbaya. Sawa. Roho mbaya yangu ilikuwa inapigania mguu, zao nzuri zilikuwa zinaleta soda.

Kila jioni nilipiga magoti mbele ya baba na beseni. Mguu wenye kidonda ulikuwa wa wauguzi wa zahanati, wao ndio waliokuwa wanausafisha na kuufunga, mimi naangalia tu bandeji isilowe. Mwingine ulikuwa wangu. Nilipima maji kwa kiwiko, kwa sababu yeye angeweza kuutumbukiza kwenye maji ya kunyonyolea kuku bila kushtuka. Niliosha, nikakausha katikati ya vidole, nikageuza unyayo kwenye mwanga kutafuta mchubuko, nikampaka mafuta juu na kisigino. Yeye alitazama ukuta. Tangu nazaliwa baba aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Siku hizo aliniita wewe.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, shangazi akatokea. Hakwenda nyumbani kama mtu mwenye adabu. Alikuja moja kwa moja bandani kwangu, saa ya mchana, mabenchi yamejaa, kiroba kichwani.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, mwiko mkononi.

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima akikunyima marahaba mbele za watu, amekuvua nguo. Alizungusha macho kwenye sahani za wateja, moja baada ya nyingine.

"Wali wote huu wa nani?"

"Wa wateja, shangazi."

"Na kaka yangu anakula nini?"

"Anakula vizuri. Hata wali anakula."

"Kibakuli!" Akatua kiroba chini. "Nimeyasikia mpaka Idete. Kibakuli cha dagaa! Mwanaume aliyekulisha wewe magunia kwa magunia, leo unampimia kama kifaranga?" Kisha akawageukia wateja wangu. "Mnaokula hapa, mnamjua huyu? Huyu anataka shamba. Anamuua mzee polepole ili arithi shamba."

Nikamwambia, "Nenda nyumbani ukautazame ule mguu, halafu urudi unitukane vizuri."

"Ule mguu nimeutibu mimi!"

"Ndiyo maana una vidole vinne."

Dereva mmoja wa bajaji alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi alibeba kiroba chake, akasonya kwa nguvu, akaondoka. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta ametandika mkeka wake chumbani kwa baba. Amehamia.

Shangazi hafukuzwi. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa gauni, na mkeka wake ukishatandikwa kwako, wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo nilijilinda. Nilihamishia mchele chumbani kwangu, nikafunga mlango, ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kitenge. Mume wangu, ambaye yuko Mngeta kwenye mashamba makubwa na huja mara mojamoja, alinipigia simu akaniambia nipunguze hasira. Nikamwambia aje apunguze yeye.

Ajabu ni kwamba shangazi alitulia. Alichuma matembele mwenyewe. Alipika mlenda bila kuambiwa. Wali wa baba alimpakulia kwenye kibakuli kilekile, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko, mimi nikiwa namtazama. Hata baba alichangamka, akaacha kulalamika barazani. Nilifikiri mguu uliokatwa kidole umewafundisha. Nilianza kupumua.

Tukaenda kliniki. Sukari ilikuwa imepanda.

Daktari alifungua bandeji. Kidonda kilichokuwa kinaanza kujaa nyama kilikuwa kimerudi nyuma, kina utelezi na harufu ile ya mwanzo. Akachukua kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa umefutika, naye hakuurudisha palepale. Alichora mwingine, juu zaidi, chini ya goti.

"Babu, unakula nini?"

Baba aliinua mkono wa kulia. "Mungu ni shahidi yangu, wali ni kile kibakuli chao tu. Ugali vilevile. Soda sijaonja. Chai nakunywa chungu kama mwarobaini."

"Na vidonge?"

"Nameza."

Namjua baba yangu. Ni mkaidi, ana kisirani, lakini hamtaji Mungu kwa uongo. Daktari akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata yeye ananishuku, labda napika kitu kisichofaa. Alibadilisha vidonge, akaongeza dawa ya kidonda, akasema turudi baada ya muda mfupi, na tukirudi hivi hawatasubiri tena.

Kwenye bajaji baba aliweka mguu wake mapajani mwangu, mstari ule wa wino ukawa chini ya macho yangu njia nzima. Nasema wazi, siku ile nilimchukia. Nilimchukia kwa kuumwa, nikaichukia sukari, nikamchukia yule binti na kalamu yake. Nilikuwa nampenda pia, ndiyo maana nilikuwa na hasira kiasi kile. Mtu usiyempenda akikatwa mguu unampa pole, unaendelea na kazi zako.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinikuta bandani saa za mchana. Ilizima moto, ikalowesha kuni, wateja wakatawanyika. Nikafunga nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida yangu.

Niliwakuta barazani, baba na dada yake, wamekaa kwa raha zao. Katikati yao kuna ungo. Ndani ya ungo kuna pepeta ya kijani kibichi, imekuniwa nazi juu yake na kunyunyiziwa sukari inayong'aa. Mashavu ya baba yamejaa.

Kama hujafika kwetu, nikueleze. Mpunga ukiwa bado mbichi, haujakauka shambani, unakatwa kidogo, unakaangwa na maganda yake, halafu unatwangwa ungali moto mpaka punje zinakuwa bapa, kisha unapepetwa. Hiyo ndiyo pepeta. Inanukia shamba zima. Na pepeta ya kwanza ya msimu hailiwi na mtu mpaka wazee wapelekewe, ndiyo heshima yao. Kile kiroba alichokuja nacho shangazi kichwani hakikuwa na nguo. Na kilipokwisha, kumbe kingine kililetwa na bodaboda kutoka Idete nikiwa kazini.

Kilichonimaliza ni kwamba hawakushtuka. Hawakuficha ungo wala kufuta midomo.

"Karibu, mwanangu," shangazi akasema, neno lake la kwanza jema tangu afike. "Karibu pepeta."

"Anakula hii tangu lini?"

"Tangu nimekuja. Si unamnyima wali? Basi anajikimu na pepeta."

"Shangazi, pepeta ni wali!"

Walinicheka. Wote wawili. Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu akatwe kidole, alicheka mpaka akakohoa.

"Pepeta si wali," akanieleza kwa upole, kama anafundisha mtoto mjinga. "Wali unapikwa kwa maji. Hii imekaangwa tu. Hata daktari hakuitaja."

Ndipo nikaelewa kiapo chake. Hakumdanganya Mungu wala daktari. Bonde zima hakuna mtu anayehesabu pepeta kuwa wali, hata mimi mpishi sikuwahi kuiwazia hivyo mpaka nilipoiona ndani ya mdomo wa baba. Ukimuuliza mtu umekula akiwa ametafuna pepeta nusu ungo, atakwambia bado.

"Imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Shambani kwangu."

"Kwenye mmea gani, baba?"

Shangazi akajibu badala yake, "Usimhoji mzee wako kama polisi."

Nilinyanyua ungo nikaumwaga uani. Kuku wa mtaa mzima walikuja mbio kwenye mvua.

Shangazi alipiga yowe mpaka majirani wakadhani baba amekata roho. Alijipiga kifua, akaita wafu wa ukoo mmoja mmoja waje washuhudie pepeta ya kwanza ya kaka yao inaliwa na kuku. Baba alisimama, bila viatu, kwenye mguu ule uliooza, akainua fimbo.

"Umemwaga jasho langu," akasema.

"Nimemwaga nini? Ulikuwa unautafuna mguu wako, baba! Kila kukicha umekaa hapa unautafuna mguu wako, na huyu anakutilia nazi!"

Fimbo ilibaki juu. Hakunipiga. Angenipiga ningefurahi zaidi, maana alichofanya ni kuishusha, akakaa, akageuza uso ukutani, na hakusema nami tena. Nami nilikuwa nimeshawaka, sikuweza kurudi. Nikaingia ndani, nikakunja mkeka wa shangazi, nikatia nguo zake kwenye kiroba kitupu, nikaita bodaboda. Nilimfukuza shangazi yangu mchana kweupe, mvua inanyesha, majirani wamejaa kwenye uzio. Alipopanda alisema radhi zake sinazo mpaka naingia kaburini. Nikamwambia ashike vizuri, barabara inateleza. Sijaomba msamaha na siombi.

Kwenye kliniki iliyofuata nilimwambia daktari habari za pepeta. Alishika kichwa. Ni mtoto wa kuja, hakuwahi hata kuisikia. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Iliyofuata ikashuka tena, na kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini. Wino wa chini ya goti ukapauka kidogokidogo, ukaisha, na hakuna aliyechora mwingine.

Baba hakusema nami wakati wote huo. Alisema na kuku. "Kuku, mwambie mwenye nyumba chai yake haina ladha." "Kuku, muulize mwenye nyumba kama leo kuna chumvi." Nami nikamjibu kupitia kuku walewale. Jioni aliutoa mguu, nikaosha, nikakausha, nikapaka mafuta. Mguu nilikuwa napewa, maneno sipewi.

Huko nje nilikuwa gumzo. Bandani wateja walinitania: "Mama, leo sisi unatupakulia au unatupimia?" Wengine walitania kweli, wengine walikuwa wananichoma. Msibani mtaa wa pili, nilikwenda kusaidia kupika kama ninavyofanya siku zote, nikashika mwiko wa sufuria kubwa. Mama mmoja wa jumuiya akaniondolea mkononi. "Wewe pumzika," akasema, "usije ukawapimia wafiwa." Wakacheka wote, msibani. Nilitoka nikarudi nyumbani nalia kwa hasira barabara nzima, na anayetaka kusimulia asimulie na hilo.

Kisha kidonda kikafunga. Daktari alipitisha kidole juu ya kovu, akabonyeza, akatabasamu. "Babu, mguu ni wako," akasema. Baba akamshukuru sana, akamwombea baraka, akamwombea mume mwema. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama kiti.

Kesho yake asubuhi alivaa soksi, akavaa viatu vya kufunika vidole nilivyomnunulia, akachukua fimbo na mfuko wake.

"Nakwenda kwangu," akasema. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu pepeta. "Mpunga unavunwa."

"Huko nani atakuangalia?"

"Dada yangu yupo."

Akatoka. Alitembea vizuri, ndicho kilichonikata maini. Alikanyaga sawasawa, hakuchechemea, mguu wa kulia ndio uliotangulia kutoka mlangoni kwangu. Niliupigania mguu ule dhidi ya kalamu, dhidi ya soda, dhidi ya ukoo mzima, nao ukamchukua ukampeleka kwa shangazi. Nilisimama barazani nikapiga kelele, "Nenda! Na ukirudi unanuka usiniite mama!" Hakugeuka. Akakata kona ya kwenda stendi.

Siku nzima nilipika kwa hasira, nikaunguza maharage. Jioni nilitafuta kile kibakuli cha kijani nikakikosa. Niliwasingizia watoto wa jirani, nikagombana na mama yao. Maji ya moto nilikuwa nimeyabandika kwa mazoea, beseni liko tayari, na hakuna mguu wa kuoshwa. Nikayamwaga.

Simu ikaita. Shangazi.

"Wewe!" akaanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Umemfanya nini kaka yangu? Nimempakulia sahani ya watu, mbele ya wavunaji, ameitazama, akatoa kibakuli mfukoni! Kibakuli chako! Akapima, akasawazisha juu, uliobaki akanirudishia. Nikamletea pepeta, akaniambia pepeta ni wali. Ananifundisha mimi! Eti kwenye mmea gani, ananiuliza mimi!"

Nilikaa chini mlangoni.

"Unasikia? Viatu havui, mpaka juu ya dungu amepanda navyo. Na sasa amekaa hapa ameweka mguu juu ya gunia, anadai maji ya vuguvugu, tena niyapime kwa kiwiko. Kuinama yeye hawezi. Haya, wewe unayejua kila kitu, niambie. Huku shambani nani atamwosha miguu?"

"Wewe, shangazi," nikasema. "Piga magoti."